Togwa Yangu na Malkia wa Mikoko

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Vita vimetangazwa. Sikutangaza mimi.

Nimerudi kutoka Nyamisati sasa hivi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilikwenda kwa heshima zangu zote, kanzu imepigwa pasi, kumwona Abdulswamadu, mwenye meli. Meli! Ni boti ya faiba yenye turubai, viti vya plastiki, spika mbili na friji, imeandikwa ubavuni MALKIA WA MIKOKO. Anazungusha watu kwenye delta, watalii kwa maharusi, nao wanapiga picha na kaa.

Nilimwambia Jumamosi tunapanda, ukoo mzima, kupeleka sanduku la bibi harusi Salale. Nikamwambia pia, kwa upole, kwamba friji lake lina upungufu mmoja: halina togwa yangu, uji mtamu wa kimea usiolevya hata mtoto. Kibanda changu kipo stendi ya Kibiti, nani asiyekijua? Madereva wa malori wanasimama kwa ajili yangu.

Akacheka. Akasema wateja wake ni watu wa soda. Kisha akanionyesha kibao kipya, rangi bado mbichi: MARUFUKU KUINGIA NA KINYWAJI CHOCHOTE.

Chochote? Chochote. Hata maji? Hata maji, yanauzwa ndani. Nikamuuliza, na maji ya udhu je? Akasema kwa udhu kuna mto mzima, nichague upande.

Huyu mtu tulikaa naye dawati moja. Alikunywa togwa ya marehemu mama yangu kila siku baada ya shule, anapangusa mdomo kwa mkono wa shati na kuomba tena. Leo ananionyesha kibao!

Nimekula kiapo njiani. Jumamosi nitakaa katikati ya boti yake, nitamimina togwa yangu kwenye bilauri yangu, nitainywa taratibu, naye atanitazama mpaka tone la mwisho.

Jumanne, 5 Agosti

Tabu, mke wangu, hataki kusikia. Anasema, Baba Salumu, hii si safari yako, ni safari ya Kheri.

Najua ni safari ya Kheri. Ni mtoto wa dada yangu Mwantumu, na tangu baba yake afariki mimi ndiye niliyemshika mkono. Sasa ni fundi wa mashine za boti, kijana mtaratibu, na amempenda Yasmin wa Salale mpaka amekonda, suruali zinamvuka. Mimi ni mshenga wake. Posa nimepeleka mimi, jibu nimeleta mimi. Bado sanduku.

Tabu akanikumbusha habari ya Mzee Mustapha, baba yake Yasmin. Kana kwamba nimeisahau! Mwaka juzi alikuja mchumba kutoka Ikwiriri, kila kitu tayari, tarehe imepangwa. Mshenga wao akaketi karibu na mzee, akapumua. Harufu ya tembo la mnazi. Mzee Mustapha aliinuka, akafunga mlango, na ndoa ikaishia hapo hapo. Salale nzima inaisimulia mpaka leo.

Kwa hiyo, akasema Tabu, kazi yako ni kufika msafi, kufunga mdomo, na kununua soda kama watu wengine.

Kununua soda! Mimi! Mbele ya Abdulswamadu!

Nilizima taa nikageukia ukutani. Nadhani alielewa.

Jumatano, 6 Agosti

Jaribio la kwanza. Nimekwenda Nyamisati kupima ulinzi.

Mlinzi wao anaitwa Twalibu. Jitu zima, bega kama mlango, lakini ana adabu. Anasimama kwenye ubao wa kupandia na kupekua kila mfuko. Mimi sikuwa na mfuko. Nilikuwa na chupa moja ya togwa, nimeifunga pajani kwa mpira wa baiskeli, chini ya kanzu. Nani atapekua paja la mtu mzima?

Twalibu akaniamkia shikamoo. Nikaitikia marahaba na kupiga hatua. Mpira ukateleza. Chupa ikashuka gotini. Nikatembea kama mtu mwenye jipu. Hatua nyingine, ikafika kifundoni, ikatoka, ikabingirika mpaka miguuni pake.

Akaiokota kwa mikono miwili. Akauliza kwa heshima, mzee, hii yako? Nikasema hapana, wala sijawahi kuiona.

Akaitazama chupa. Akanitazama mimi. Chupa zangu zote zina lebo: TOGWA YA KIBWANA, HAINA MPINZANI. Na picha yangu, nimetabasamu.

Nikasema nchi hii watu wanafanana sana. Nikaondoka nikichechemea, kwa sababu mpira ulikuwa bado umenishika.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepata! Wallahi nimepata!

Nilikuwa nimekaa kwa dada Mwantumu natafuna chapati, amekasirika kwa sababu ya madoa ya mafuta kwenye kanzu yangu, huku anapanga vitu vya sanduku. Doti za khanga, vitenge, viatu, udi, manukato, mafuta ya nywele. Akaniambia nisiguse. Akasema sanduku likishafungwa halifunguliwi mpaka wanawake wa Salale walifungue wenyewe, ndani, kwa vigelegele. Likifunguliwa njiani ni mkosi, ndoa haikai. Hata bwana harusi mwenyewe haruhusiwi kuchungulia.

Nikaacha kutafuna.

Hata bwana harusi haruhusiwi. Sembuse Twalibu!

Nimekimbia nyumbani kupika togwa. Kimea nimezidisha. Hii si togwa ya kuuza, ni togwa ya ushindi. Nimeijaza kwenye chupa, nimekaza vizibo, na juu ya vizibo nimezungusha gundi ya karatasi ile ya kufungia maboksi, mizunguko mingi, isije ikavuja tone kwenye khanga za watu. Mimi si mtu wa ovyo.

Tabu akapita, akasimama. Akasema, Baba Salumu, togwa haizibwi. Inachachuka, inataka kupumua. Nikamjibu labda ya kwake ndiyo inataka kupumua, yangu inafanya ninavyoiambia. Akauliza ni za nini. Nikasema ni za oda maalumu.

Sikudanganya. Ni oda yangu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Watu wamepumzika, mimi kazini.

Baada ya swala ya Ijumaa nilikwenda kwa Mwantumu. Alipotoka kuangalia nazi jikoni, nikainua khanga za juu na kulaza chupa zangu katikati, moja moja, kama watoto wachanga. Nikafunika. Aliporudi nilikuwa nimeshika tasbihi.

Tukalifunga sanduku pamoja. Kufuli ni jipya, lina funguo mbili. Mmoja nikampa yeye, akaufunga kwenye pindo la khanga yake. Wa pili nikamwambia haukuja. Upo kwenye mkunjo wa kofia yangu.

Mpango ni huu. Tukishaondoka, nitasogea karibu na sanduku kama mtu anayelinda mali. Nitafungua, nitatoa chupa, nitafunga. Mkosi? Mkosi ni wa mgeni kulifungua. Mimi ni mshenga. Hayo nimeyaamua mwenyewe.

Chupa moja niliibonyeza kabla ya kuifunika. Ngumu kama goti! Dalili ya togwa yenye nguvu.

Jumamosi, 9 Agosti

Asubuhi, ndani ya Malkia.

Tumepita! Tumepita wote!

Twalibu alipekua kila kitu. Alimnyang'anya Mwantumu chupa ya chai, dada yangu akamwita majina ambayo siyaandiki hapa. Kisha akafika kwenye sanduku, limezungushiwa khanga nyekundu. Akarudi nyuma hatua nzima. Akaweka mkono kifuani. Akasema hili haliguswi, Mungu awajaalie. Akatusaidia hata kulibeba!

Niliagiza liwekwe mbele kabisa, nje ya turubai, lionekane. Sanduku la heshima halikai kivulini.

Hapo ningekaa kimya. Tabu, aliyebaki nyumbani, angesema nikae kimya. Lakini mtu hashindi kimya kimya, atajuaje mwenzake kwamba ameshindwa? Nikasimama. Nikamwambia Abdulswamadu mbele ya abiria wote kwamba kibao chake ni aibu kwa watu wa pwani, kwamba mgeni hanyang'anywi maji, kwamba marehemu mama yangu angekiona angekipasua kuni. Akasema, Kibwana, maji yanakupwa, leo bamvua, yanakwenda mbali sana, tukichelewa tutakwama kwenye fungu la tope. Nikasema sijamaliza. Nahodha akasema maji yanakupwa. Nikasema sijamaliza!

Nilipofika kwenye maneno ya mwisho nilivua kofia, nikaipunga hewani.

Kitu kidogo kikang'aa. Kikaruka juu ya ukingo. Tubwi.

Nimekaa sasa. Watu wanadhani nimemaliza hotuba.

Mchana, bado ndani ya Malkia.

Tumekwama.

Tope kushoto, tope kulia, mikoko kila upande, na kaa wanatoka mashimoni kututazama. Nahodha anasema tungetoka dakika chache mapema tungevuka. Hakutaja jina. Hakuna aliyetaja jina. Wote wananiangalia tu. Maji yatarudi alasiri.

Jua kali. Koo langu limekauka. Na togwa yangu iko hapo, mkono mmoja tu kutoka nilipo, chini ya kufuli.

Nimemwomba Mwantumu ufunguo kidogo. Akauliza wa nini. Nikasema kuangalia kama manukato hayajamwagika. Akanitazama vilevile alivyonitazama mama siku ile aliponikuta na mkono ndani ya kopo la sukari. Sikuomba tena.

Halafu Abdulswamadu akafanya jambo la hila kabisa. Alifungua friji na kugawa vinywaji bure! Maji, soda, juisi, kila mtu, mpaka Mwantumu amerudishiwa chai yake. Eti abiria waliokwama ni wageni wake. Watu wanamwombea dua! Akaja kwangu mwenyewe na soda ya tangawizi, chupa inatiririka jasho. Nikamwambia nimefunga. Mwantumu akasema kwa sauti ya boti nzima kwamba alfajiri nilikula chapati zangu na za Kheri.

Nikasema basi, sina kiu. Ulimi ulikuwa umenata kwenye kaakaa, sijui kama walinielewa.

Saa moja baadaye. Sanduku limetoa sauti. Siyo kubwa. Fsss, kidogo, upande wa kushoto. Nikakohoa kuifunika. Baadaye tena, fsss. Nikakohoa tena. Sasa kila sanduku likipumua mimi nakohoa, na linapumua mara kwa mara.

Kheri akaja kuketi karibu nami. Akauliza, mjomba, unaumwa? Akavua kofia yake mpya ya sherehe akaanza kunipepea nayo. Akasema nisijali kuhusu kukwama, hakuna anayenilaumu, bila mimi asingempata Yasmin. Ni siku yake, mtoto huyu, na bado ananipepea mimi!

Nilimpenda kupita kiasi. Nikaogopa pia, sikatai. Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo kabisa.

Sanduku likapumua. Nikakohoa.

Jioni, Salale, barazani kwa jirani, peke yangu.

Naandika yote, hata kama mkono hautaki.

Maji yalijaa, tukafika. Tulipokewa kwa vigelegele. Sanduku likaingia ndani kwa wanawake. Sisi wanaume tukakaa mkekani nje, mimi pembeni ya Mzee Mustapha, mahali pa mshenga. Alinisogelea kidogo wakati wa kusalimiana. Alinusa, nilimwona. Nilikuwa msafi! Sijaonja hata tone la kitu chochote tangu alfajiri. Akatikisa kichwa, ameridhika. Kheri akashusha pumzi.

Ndani wakaanza kufungua. Vigelegele. Kufuli. Vigelegele zaidi.

Kisha, PWAA!

Kisha tena, na tena, kama mahindi kwenye mafuta. Mayowe. Kitu kikagonga bati. Kimya kabisa. Na ndani ya kimya kile, mwanamke mmoja ambaye hakuelewa akapiga kigelegele kimoja kirefu, peke yake.

Harufu ikatoka mlangoni, ikatukuta mkekani. Chachu tupu.

Mzee Mustapha akageuza shingo polepole. Akaniuliza, mshenga, ndani ya sanduku kuna nini? Nikasema manukato ya kisasa.

Akatoka Bi Subira, shangazi yake Yasmin. Povu kwenye nyusi, povu kidevuni. Ameshika chupa mbili kwa ncha za vidole, moja imepasuka, moja bado. Zote zina picha yangu, nimetabasamu.

Mzee akasimama. Alisema mshenga yule wa Ikwiriri angalau alibeba pombe tumboni mwake mwenyewe. Sisi tumeiweka kwenye nguo za mwanawe. Akatazama mlango. Nikajua anakwenda kuufunga.

Kheri aliinamisha kichwa akaangalia viganja vyake, kama mtu anayetafuta kilichodondoka. Nikasema ni togwa. Nikaapa ni togwa. Nani angeniamini mimi, na ushahidi unadondoka kutoka kwenye nyusi za Bi Subira?

Abdulswamadu ndiye aliyeinuka. Alikuwa amekaa nyuma na nahodha wake, amekuja kunywa kahawa tu. Akaomba radhi kwa mzee. Akachukua ile chupa nzima, akabandua gundi taratibu, ikapiga kelele, akasema Bismillahi, akainywa. Yote. Mpaka chini. Akapangusa mdomo kwa mkono wa shati.

Akasema, mzee, hii ni togwa. Ni ya marehemu mama yake Kibwana, nimekua nayo, siwezi kuikosea. Haina ubaya wowote, ila imezibwa na mtu asiye na akili. Kama mzee ana wasiwasi, yeye atakaa hapa hapa mbele yake mpaka aridhike.

Bi Subira akalamba mdomo. Akasema ni kweli, ni togwa. Akalamba tena.

Mzee Mustapha alimwangalia Abdulswamadu muda mrefu. Kinywaji hakikumyumbisha. Basi akaketi. Ndoa ipo, alisema. Lakini nguo zote zifuliwe na zirudishwe upya, na mshenga abadilishwe kuanzia sasa hivi. Wakauliza nani awe. Akanyoosha kidole kwa Abdulswamadu.

Mahali pangu pembeni ya mzee akaketi yeye. Mimi nikaletwa huku kwa jirani.

Jumapili, 10 Agosti

Tumerudi Kibiti. Tabu na Mwantumu wanafua khanga tangu tufike. Hawasemi nami. Wanasema wao kwa wao, kuhusu mimi, nikiwa nimesimama pale pale. Kila maji wanayomwaga yananuka kibanda changu.

Kheri alikuja baada ya swala ya Alasiri. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali, nilistahili. Hakunipa. Aliniamkia kama kawaida, akakaa. Akasema harusi ni Jumamosi ijayo, na anataka niwepo, kwa sababu hana baba mwingine. Ila ananiomba jambo moja tu. Mjomba, uje mikono mitupu.

Machozi yalinitoka, sioni aibu kuyaandika. Nikamshika mkono. Nikamwahidi mbele ya Mungu: mikono mitupu.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimeamka na mawazo safi. Hebu tuyaangalie mambo kwa haki.

Nani alikunywa togwa yangu? Abdulswamadu. Mpaka wapi? Mpaka chini. Mbele ya mashahidi, kwa hiari yake, na akatamka kwa kinywa chake kwamba ni ya mama yangu. Alipangusa mdomo kwa shati! Mimi nilitaka aniangalie nikinywa. Amekwenda mbali zaidi, amekunywa mwenyewe. Kama huo si ushindi, ushindi ni nini?

Kilichobaki ni kibao. Leo nimepita Nyamisati kwa shughuli nyingine, bado kipo. Wameongeza hata mstari chini: PAMOJA NA MASANDUKU.

Masanduku. Vizuri.

Sasa, Jumamosi wanaopanda Malkia pamoja nasi ni watu wa ngoma kutoka hapa Kibiti. Nimekwenda kuwatembelea jioni hii, salamu tu. Wana misondo mitatu, ngoma ndefu zilizofungwa ngozi juu, chini ziko wazi. Ndani ya msondo mmoja zinakaa chupa nyingi bila kusukumana. Nimejaribisha. Twalibu hawezi kuchungulia ngoma ya harusi, atachekwa.

Na ahadi yangu kwa Kheri ipo pale pale. Ngoma zinabebwa na wapigaji. Mimi nitapanda mikono mitupu kabisa, nimeinyoosha, kila mtu aione.

Kiongozi wao alinitajia jambo moja nilipokuwa natoka, eti wakifika lazima wazikanze ngoma motoni mpaka ngozi ikaze, ndipo zilie vizuri. Nikamwambia hakuna tatizo. Joto kidogo halijawahi kuidhuru togwa.

Nimenunua gundi pana zaidi.